Chuo, Kambi na Uwanja: Wanafunzi wa Vyuo vya Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia

Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, sheria ya kuandikisha askari iliyopitishwa mwezi uliofuata iliwahusu wanaume wa miaka 21 hadi 30. Wanafunzi wengi wa vyuo hawakufikia umri huo. Agosti 1918 umri wa chini ulishushwa hadi miaka 18, na wakuu wa vyuo wakatambua kwamba madarasa yangebaki matupu na karo ingekauka. Makala haya yanajadili namna dola na vyuo vilivyoafikiana juu ya kijana huyo, na nani alifaidika na maafikiano hayo.

Suluhisho lilikuwa Kikosi cha Mafunzo ya Kijeshi cha Wanafunzi. Tarehe 1 Oktoba 1918, vijana wapatao 140,000 waliapishwa kwa pamoja katika vyuo zaidi ya 500. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, nayo serikali ikagharimia karo, chakula na malazi. Mabweni yakageuka kambi, na gwaride likashindana na mihadhara. Janga la homa ya mafua lilikuta vijana wamesongamana humo. Vita vilikoma tarehe 11 Novemba, na Desemba kikosi kikaanza kuvunjwa. Hata hivyo, kozi ya lazima kuhusu chanzo na malengo ya vita iliacha mbegu: mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kozi ya ustaarabu wa kisasa iliyochipuka kutokana nayo.

Kwa wanafunzi Weusi, utumishi wenyewe ulidaiwa kabla ya kutolewa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard walikuwa mstari wa mbele kuishinikiza serikali iwafungulie mafunzo ya uofisa. Kambi ilifunguliwa Fort Des Moines, Iowa, lakini ya Weusi peke yao. Oktoba 1917 ikatoa maofisa 639. Mmoja wao, Charles Hamilton Houston, mhitimu wa Amherst, alionja ubaguzi ndani ya sare ya taifa lake. Baada ya vita alisomea sheria, akawafunza mawakili wa Howard, akiwamo Thurgood Marshall, na kuongoza mapambano ya kisheria dhidi ya ubaguzi katika elimu.

Michezo nayo ilihamia jeshini. Msimu wa futiboli ya Kimarekani wa 1918 ulifupishwa na vita na homa. Michigan ilicheza mechi tano tu. Tarehe 1 Januari 1919, timu ya kituo cha wanamaji cha Great Lakes iliifunga timu ya askari wa Mare Island 17–0 huko Pasadena. Nyota wa siku hiyo alikuwa George Halas, aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1920 kampuni ya wanga ya Staley, mjini Decatur, ilimwajiri aunde timu yake. Alimsajili Jimmy Conzelman, mwenzake wa Great Lakes, na Septemba akahudhuria kikao cha Canton, Ohio, kilichoasisi ligi ya kulipwa. Mwaka uliofuata Staley alimwachia timu pamoja na dola 5,000. Kuanzia 1922 ikaitwa Chicago Bears. Fritz Pollard, Mweusi aliyesoma Brown, alitwaa ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo akiwa na Akron. Lakini kuanzia 1934 hadi 1945 ligi haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja.

Mifano hii yaonesha kwamba utumishi wa vita haukuwapa vijana mafunzo pekee. Uliwapa mtandao wa watu, na mtandao huo ndio uliozaa biashara. Aliyetengwa kambini alianza maisha ya kiraia bila mtaji huo. Kwa hiyo, sera yoyote inayowaita wanafunzi kulitumikia taifa haina budi kubainisha mapema mambo matatu: kipindi chake kinakoma lini, masomo yaliyokatizwa yatafidiwaje, na nani anaruhusiwa kuingia kwa mlango uleule na wenzake.