Gia boksi ya otomatiki: Je, unaweza kuifungua na kuijenga upya nyumbani?

Injini inanguruma, mshale wa RPM unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Ukiweka D, gari inakaa sekunde kadhaa kisha inastuka ndipo inaondoka. Kwa mtu ambaye IST yake ndiyo inalipa ada na kodi ya nyumba, hizo ni habari mbaya.

Fundi wa kwanza atakwambia nunua gia boksi nyingine iliyotumika kutoka Japan. Wa pili atasema ifunguliwe. YouTube nayo itakuonyesha mtu anaifungua mwenyewe, uwani kwake, kwa wikiendi moja.

Inawezekana kweli. Ila kuifungua ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kujua imekufa kwa sababu gani, maana ukifunga vipya bila kujua, navyo vitakufa.

Jirani yetu mmoja aliweka pleti mpya, akafunga kila nati, gari ikatembea wiki mbili tu. Alipoifungua tena, zilezile pleti mpya zilikuwa nyeusi. Chanzo kilikuwa sili ya mpira iliyochanika kidogo, ambayo aliirudisha kwa kuwa kwa macho ilionekana nzima.

Kabla hujagusa spana

Anza na oili. Ikiwa imepungua, gia zinaweza kuteleza hata kama ndani hakuna kilichoharibika. Kwenye Toyota nyingi zenye dipstiki ya gia boksi, oili hupimwa ikiwa ya moto, injini ikiwa inawaka na gia ikiwa kwenye P. Oili nzima ya aina hizi ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeumia.

Pili, gari ipimwe kwa mashine ili kodi zisomwe. Solenoidi moja mbovu, yaani swichi ya umeme inayofungua na kuziba njia za oili, inaweza kuleta dalili zinazofanana na gia boksi iliyokufa. Kwenye gari nyingi hubadilishwa kwa kushusha sampu tu.

Ukishaishusha hiyo sampu, angalia sumaku zilizo ndani yake. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, hapo hakuna ujanja, lazima ifunguliwe.

Jua pia una gia boksi gani. IST za kwanza, zilizotoka mwaka 2002, zina otomatiki ya gia 4. Nyingi za kizazi cha pili, kuanzia 2007, zina CVT, ambayo badala ya gia za hatua hutumia mkanda wa chuma na puli. Kwa maoni yangu, CVT usiijaribie nyumbani. Inataka vifaa maalumu ambavyo hata gereji nyingi hazina.

Ndani kuna nini

Otomatiki ya kawaida ina seti za gia ambazo muda wote zimeshikana. Kinachobadilisha mwendo ni pakiti za klachi: pleti za msuguano na za chuma zilizopangwa kwa kupishana. Oili yenye presha inasukuma pistoni, pistoni inabana pleti, gia inaingia. Presha ikivuja kwenye sili, pleti hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinaungua. Ndiyo maana pleti zilizoungua mara nyingi ni matokeo tu, chanzo kiko kwingine.

Seti ya ukarabati huwa na sili, oringi na gasketi, na nyingine huja na pleti. Badilisha sili zote. Usichague.

Unapotoa vitu, piga picha kila hatua na uvipange mezani kwa mfuatano uleule. Bodi ya vali ina vijigololi vidogo na kila kimoja kina tundu lake. Kikikosea tundu, gia moja inaweza kupotea. Vaa miwani: springi za pistoni zimebanwa kwa nguvu na zikiruka zinatafuta jicho.

Osha vyuma kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha vikaushe kwa upepo wa kompresa. Petroli usitumie kabisa. Usifute kwa tambara linaloacha nyuzi, kwani uzi mmoja unatosha kukwamisha vali.

Pleti mpya za msuguano zilowekwe kwenye oili ya gia boksi kabla ya kufungwa. Ziache zilale humo usiku kucha. Kushikilia vigololi na wosha visidondoke, tumia mafuta ya mgando yale ya kujipaka, yasiyo na manukato. Hayo huyeyuka kwenye oili. Grisi ya kawaida inaweza kuziba njia.

Kipimo ambacho wengi wanakiruka

Kabla ya kufunga bodi ya vali, puliza upepo kwenye tundu la oili la kila klachi, kwa presha ya karibu na ile ya tairi la gari ndogo. Unatakiwa kusikia mgongo mzito: “dup”. Hiyo ni pistoni imebana. Ukisikia upepo unavuja mfululizo, kuna sili imekatika au imekaa vibaya. Irudie sasa hivi, gia boksi ikiwa bado mezani. Kipimo hiki kingemwokoa jirani yetu.

Kuirudisha kwenye gari

Gia boksi hii ni nzito, si ya kubebwa kifuani na mtu mmoja. Injini ishikiliwe, gari ikae kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

Tokikonveta, lile dude la duara linalopokea nguvu ya injini, lazima izame hadi ishike pampu. Isukume huku ukiizungusha taratibu, utaisikia ikiingia kwa hatua. Gia boksi ikishakaa kwenye injini na kabla ya kukaza bolti zake, tokikonveta inapaswa kuzunguka kwa mkono. Ikigoma, toa uanze upya. Ukilazimisha kwa kukaza bolti, unavunja pampu.

Tokikonveta hubaki na oili chafu ya zamani, na nyumbani huwezi kuisafisha vizuri. Kama ulikuta vyuma kwenye sampu, tafuta nyingine. Kupozeo cha oili na mabomba yake navyo vioshwe, la sivyo uchafu uleule utarudi ndani siku ya kwanza.

Weka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile dukani wanayosema inafaa zote. Type T-IV na WS hazichanganywi. Washa injini, pitisha gia kutoka P hadi L polepole mguu ukiwa kwenye breki, kisha ongeza oili hadi kwenye alama. Zunguka mtaani kwa mwendo mdogo, rudi, kagua mivujo, pima tena. Abiria wasubiri kesho.