Ujerumani inatafuta wafanyakazi: Kwa nini mishahara ya chini haipandi yenyewe?

Tangu Januari 1, 2026, kima cha chini cha mshahara nchini Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa. Mwaka 2027 kitafika euro 14.60. Wakati huohuo nyumba za kutunzia wazee, mikahawa, mashirika ya mabasi na kampuni za ujenzi zinalalamika kwamba hazipati watu wa kutosha. Sokoni bidhaa ikiadimika, bei yake hupanda. Kwa nini basi nguvu kazi iliyoadimika inahitaji sheria ili ilipwe zaidi? Katika makala hii tunaeleza sheria hiyo ilikotoka, mabishano yanayoizunguka, na maana yake kwa Mkenya au Mtanzania anayefikiria kwenda kufanya kazi huko.

Sheria iliyokuja kwa kuchelewa

Uingereza ilianza kuwa na kima cha chini cha kitaifa mwaka 1999, na Ufaransa ilikuwa nacho tangu 1950. Ujerumani, nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote barani Ulaya, ilisubiri hadi Januari 1, 2015. Kabla ya hapo mishahara ilipangwa na waajiri na vyama vya wafanyakazi katika mikataba ya pamoja, ile ambayo Tanzania huitwa mikataba ya hali bora za kazi. Serikali ilikaa pembeni. Hata ndani ya vyama vya wafanyakazi walikuwapo walioogopa kwamba serikali ikianza kupanga mishahara, wao watabaki bila kazi ya kufanya.

Utaratibu huo ulifanya kazi pale vyama vilipokuwa na nguvu. Kuanzia miaka ya 1990 idadi ya wafanyakazi wanaolindwa na mikataba hiyo ilipungua, na leo ni takriban nusu tu. Mageuzi ya soko la ajira yaliyoanzishwa na Kansela Gerhard Schröder mwaka 2003 yalipunguza ukosefu wa ajira, lakini pia yalipanua sekta ya kazi za malipo duni. Wasusi, wasafishaji na walinzi katika majimbo ya mashariki walilipwa hata chini ya euro 5 kwa saa. Chama cha SPD kilipoingia serikalini tena mwaka 2013 pamoja na wahafidhina wa Angela Merkel, sheria ya mshahara wa chini ilikuwa sharti lake kuu. Waziri wa Kazi, Andrea Nahles, aliifikisha bungeni mwaka 2014, na kiwango cha kwanza kikawa euro 8.50.

Nani anapanga kiwango?

Kazi hiyo imepewa tume maalumu. Ina wajumbe watatu wa waajiri, watatu wa vyama vya wafanyakazi, mwenyekiti, na wachumi wawili washauri wasiopiga kura. Lengo lilikuwa kuuondoa mshahara katika kampeni za uchaguzi. Halikutimia kikamilifu. Mwaka 2022 serikali ya Kansela Olaf Scholz iliipita tume na kupandisha kiwango kwa sheria hadi euro 12, kama SPD ilivyoahidi kwenye kampeni. Mwaka uliofuata tume iligawanyika: wajumbe wa wafanyakazi walishindwa kwa kura, na nyongeza ikawa ndogo, euro 12.41 kwa mwaka 2024 na 12.82 kwa mwaka 2025.

Katika uchaguzi wa 2025 SPD ilidai euro 15. Makubaliano ya kuunda serikali ya Kansela Friedrich Merz yalisema kiwango hicho kinaweza kufikiwa mwaka 2026, lakini yaliacha uamuzi kwa tume. Juni 2025 tume ikaamua 13.90 na kisha 14.60. Ukilinganisha na 12.82, ni nyongeza ya karibu asilimia 14 kwa hatua mbili.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka kiwango cha juu zaidi hutaja mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2022, unaozitaka nchi zitumie vigezo vya kupima kama mshahara wa chini unatosha. Kigezo kimojawapo ni asilimia 60 ya mshahara wa mtu aliye katikati kabisa, yaani yule ambaye nusu ya wafanyakazi wanalipwa zaidi yake na nusu pungufu yake. Denmark iliupinga mwongozo huo mahakamani. Novemba 2025 Mahakama ya Ulaya ilifuta vipengele viwili lakini ikauacha sehemu kubwa usimame.

Waajiri nao wana hoja zao. Wakulima wa asparagasi na stroberi wanasema wanashindana na mashamba ya nchi ambako mishahara ni midogo zaidi, na mnunuzi dukani haangalii nani alichuma. Mwaka 2025 chama cha wakulima kilipendekeza vibarua wa msimu walipwe asilimia 80 tu ya kima cha chini. Wizara ya Kilimo ililichunguza pendekezo hilo kisheria na kuona haliwezekani. Hoja nyingine inawahusu wenye ujuzi: kima cha chini kikipanda haraka, fundi aliyesomea kazi miaka mitatu anajikuta analipwa karibu sawa na asiye na cheti, na mwajiri analazimika kuwaongeza wote.

Je, ajira zilipotea?

Kabla ya 2015 wachumi kadhaa mashuhuri walionya kwamba mamia ya maelfu ya ajira yangepotea. Hilo halikutokea. Utafiti wa wachumi watano, akiwemo Christian Dustmann wa London, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba mishahara ya walio chini ilipanda bila ajira kupungua. Sehemu ya nyongeza ilitokana na watu kuhama kutoka kampuni ndogo zilizolipa vibaya kwenda kubwa zinazozalisha zaidi. Kazi hazikufutika, ila baadhi zilibadilisha mwajiri.

Tuongeze tahadhari moja: miaka hiyo uchumi wa Ujerumani ulikuwa unakua. Sasa umedorora, na Agosti 2025 idadi ya wasio na ajira ilivuka milioni 3 kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka kumi. Matokeo ya nyongeza za 2026 na 2027 hayatasomwa kwa kuangalia ya 2015 peke yake.

Uhaba kando ya watu milioni tatu wasio na kazi

Msomaji anaweza kushangaa: nchi ina watu milioni 3 wasio na kazi, uhaba unatoka wapi? Unatokana kwanza na umri. Mwaka 1964 walizaliwa Ujerumani watoto zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 2024 walizaliwa chini ya laki 7. Kizazi kile kikubwa sasa kinastaafu, na kinachokifuata ni karibu nusu yake. Pili, wasio na kazi wengi hawana cheti cha ufundi, au wanaishi mbali na kazi zilipo. Muuguzi hapatikani kwa kumhamisha mtu aliyekuwa akifanya kazi ghalani.

Kwa nini basi uhaba hauinui mishahara yote? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza ni nani analipa. Katika nyumba ya wazee, bima ya utunzaji hutoa kiasi kilichowekwa, na kinachobaki hutoka mfukoni mwa mzee au familia yake. Katika mwaka wa kwanza wa kukaa humo, sehemu hiyo tayari ni zaidi ya euro 3,000 kwa mwezi kwa wastani. Kila euro anayoongezewa mtunzaji huishia kwenye ankara ya mzee, isipokuwa bima au kodi ibebe mzigo.

Ya pili ni kwamba mwajiri ana njia nyingine. Mkahawa usiopata mhudumu hufunga siku mbili kwa wiki. Shirika la mabasi hupunguza safari. Kumpa mtu mpya mshahara mkubwa kungewalazimu wawape na waliopo, na hesabu hiyo huonekana ghali kuliko kufunga mlango.

Ya tatu ni uwezo wa mfanyakazi kuondoka. Anayeijua lugha, mwenye cheti kinachotambuliwa na nauli ya kuhamia mji mwingine anaweza kusema, "Nilipe zaidi au naondoka." Mgeni ambaye kibali chake cha kukaa kinahusishwa na mwajiri mmoja, au ambaye bado anajifunza Kijerumani, hana ubavu huo. Ndiyo maana uhaba huwanufaisha kwanza wenye ujuzi, na wa chini hubaki wakitegemea sheria.

Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki azingatie nini?

Septemba 13, 2024, Rais William Ruto na Kansela Scholz walishuhudia mjini Berlin kutiwa saini kwa makubaliano ya uhamiaji na ajira kati ya Kenya na Ujerumani. Zilisambaa habari kwamba Wakenya 250,000 wangepata kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote. Kila mwombaji bado anahitaji sifa, lugha na mwajiri.

Atakayepata mkataba aanze na hesabu. Euro 13.90 kwa wiki ya saa 40 ni takriban euro 2,409 kwa mwezi kabla ya makato. Bima za afya, pensheni, utunzaji na ukosefu wa ajira, pamoja na kodi, humwondolea mtu asiye na familia kati ya robo na theluthi ya fedha hizo. Kinachobaki ndicho cha kulipia pango, ambalo katika miji kama Munich laweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara.

Wauguzi wawe makini zaidi. Utunzaji wa wazee una viwango vyake: vilivyoanza Julai 2025 vilikuwa euro 16.10 kwa msaidizi asiye na mafunzo, 17.35 kwa msaidizi aliyefunzwa angalau mwaka mmoja, na 20.50 kwa muuguzi kamili. Muuguzi kutoka nje huanza mara nyingi kama msaidizi hadi cheti chake kitambuliwe. Kabla ya kusaini, aulize utambuzi utachukua muda gani na katika muda huo atalipwa kwa daraja lipi.

Haki ya kima cha chini haitegemei uraia. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Kazi iliamua kwamba watunzaji kutoka nje wanaoishi nyumbani kwa mzee wanastahili kima hicho hata kwa saa za kukaa tayari wakisubiri kuitwa. Kesi hiyo ilifunguliwa na mwanamke wa Bulgaria ambaye mkataba wake ulitaja saa 30 tu kwa wiki.

Wapo wasiohusika: walio chini ya miaka 18 bila cheti cha ufundi, wanagenzi, baadhi ya wanafunzi walio katika mafunzo ya vitendo, na waliokaa bila kazi kwa muda mrefu, hao kwa miezi sita ya mwanzo. Wengine wote, hata mkataba ukisema vinginevyo, wanadai kiwango cha sheria. Idara ya Forodha ndiyo hukagua, na faini yaweza kufika euro 500,000. Hata hivyo udanganyifu wa kawaida hauonekani kwenye mkataba: ni saa zilizofanywa na hazikuandikwa. Mfanyakazi aandike mwenyewe kila siku alianza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, kwa kuwa daftari hilo linaweza kuwa ushahidi wake.

Kima cha chini, basi, huweka sakafu ambayo malipo hayaruhusiwi kushuka chini yake. Juu ya sakafu hiyo, mshahara hutegemea cheti, lugha, chama cha wafanyakazi na uwezo wa kumwacha mwajiri mbaya. Anayesafiri kwa sababu amesikia tu kwamba "Ujerumani haina watu" atalipwa mshahara wa sakafuni. Aliyejipanga kabla ya kupanda ndege ana nafasi ya kupanda juu yake.