Nani Aliyeifanya Shinyanga Jangwa?

Ndugu msomaji, ukimsikia mtu anasema eti maskini ndio wanaoharibu mazingira, usimkubalie haraka haraka. Muulize kwanza: historia ya mahali hapo unaijua? Mimi nimeishia kidato cha nne tu, lakini ya Shinyanga nimeisoma, na leo nataka tuipitie pamoja.

Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani. Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haikanyagi humo mpaka kiangazi kikaze, malisho mengine yakiwa yamekwisha. Kwa lugha yetu ya mjini, ni benki ya majani.

Basi wakaja wakubwa na mipango yao. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza iliwatoa watu wafyeke mapori ili kuangamiza mbung'o. Kweli mbung'o alikuwa adui, aliua ng'ombe na kuleta malale. Lakini pori lilipokwenda, kuni na kivuli navyo vikaenda. Pamba nayo ikataka mashamba zaidi. Halafu miaka ya 1970, enzi za vijiji vya ujamaa, watu wakahamishwa, wakaacha nyuma makazi na ngitili zao. Mwisho wa yote Mwalimu Nyerere akauita mkoa ule jangwa la Tanzania! Ilipofika 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Sasa niambie, jangwa hilo ni la mfugaji peke yake?

Elimu haikukosekana. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Zilikuwa kampeni nzuri, ila somo lilikuwa limeshaandikwa Dar es Salaam kabla mwanakijiji hajafungua redio.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ukashika njia nyingine. Mabwana misitu walitumia maigizo, video na mikutano ya vijiji kuonyesha udongo unavyopotea. Lakini waliuliza pia: ninyi wazee mlikuwa mnafanyaje? Kumbe jibu lilikuwepo. Sheria za ngitili zikarudi kwenye dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, ambao miaka ya 1980 walikuwa wakiwasaka wezi wa ng'ombe, wakawatoza faini waliochunga penye marufuku.

Mradi ulipomalizika 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliotolewa 2005 na Wizara ya Maliasili pamoja na IUCN ulikadiria kwamba ngitili zilimpa mtu mmoja thamani ya dola 14 kwa mwezi: kuni, dawa, asali, malisho, miti ya kujengea. Matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Hapo ndipo miti na umaskini vinapokutana, wala huhitaji digrii kuelewa.

Lakini tusidanganyane. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alivuna zaidi, na asiye na ardhi akabaki anategemea ngitili ya kijiji. Elimu ya miti bila kuuliza ardhi ni ya nani ni nusu elimu.

Na swali hilohilo linavuka bahari. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayochemsha dunia, lakini ukame ukija, ng'ombe wa Meatu ndiye anayekufa. Mwaka 2022, kule Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kukabiliana na hasara kama hizo. Mwanakijiji aliyesoma historia yake atajua kwamba hapo haombi sadaka, anadai.

Sisi vijana wa mjini tunaonunua mkaa kwa kopo tumo ndani ya hadithi hii. Hebu wewe mwenye bibi au babu kijijini, nenda ukamuulize: pori letu lilifyekwa lini, na kwa amri ya nani? Andika anachokuambia, na jina la kila mti atakaoutaja. Wazee wanaondoka, jamani.