Upanga wa Mti na Mchoro wa Ukutani

Ndugu zangu mliopita katika shule yetu, na ninyi vijana mliomo madarasani sasa, mtaniwia radhi nikikiri kwamba katika uzee wangu huu kila alfajiri husimama nyuma ya nyumba, fimbo mkononi, nikapigana na ukuta. Mwanzoni majirani walidhani nimerogwa. Siku hizi hunisalimu na kupita.

Ukuta huo nimeuchora kwa chaki mistari inayokutana katikati. Wazo si langu. Mwaka 1536, katika zama za Renaisansi, Achille Marozzo, mwalimu wa upanga wa Bologna huko Italia, alichapisha kitabu kiitwacho Opera Nova. Ndani yake mna mchoro wa namna hiyo, wenye majina ya dharuba, ili mwanafunzi aukabili na kuuzoeza mkono wake. Naye Joachim Meyer, fundi visu wa Strasbourg, alitoa kitabu mwaka 1570 chenye mraba uliogawanywa sehemu 4, kila sehemu na tarakimu zake. Tarakimu zinakuambia dharuba ya kwanza iende upande gani, ya pili upande gani, mpaka ya nne. Kisha unabadilisha mpangilio na kuanza upya. Ni kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, ila hapa wanaokariri ni bega na kiuno. (Vijana, tumieni mti, msichukue panga la shambani!)

Enzi zetu historia ilikuwa tarehe za kujibia mtihani. Sikupata kufikiri kwamba goti laweza kumsaidia mtu kusoma kitabu. Lakini silaha za Ulaya zilibadilika, desturi nazo zikabadilika, na upanga wa akina Meyer ukakosa mwalimu aliyepokea kutoka kwa mwalimu. Kilichobaki ni karatasi. Anayetaka kujua mzee yule alikusudia nini hana wa kumwuliza. Hana budi kujaribu kwa mwili wake mwenyewe.

Na mwili nao hudanganya. Miaka miwili nilijizoeza peke yangu, nikajiona bingwa. Kisha nikaenda Uingereza kumtembelea binti yangu, nikakaribishwa na kikundi kimoja cha wapenzi wa mchezo huu. Kijana wa rika la mjukuu wangu akanigonga kiganja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akiniomba radhi kila mara. Kumbe nilikuwa natanguliza mguu, mkono unafuata. Ukuta haukunikosoa kamwe, maana ukuta haurudishi pigo.

George Silver, Mwingereza aliyechapisha kitabu cha upanga mwaka 1599, aliacha pia mswada ambao haukuchapishwa mpaka mwaka 1898. Humo ameeleza waziwazi kwamba mkono utangulie mguu. Aibu yangu ni kwamba nilikuwa nimeusoma, na mahali hapo nimepapigia mstari.

Sikuacha kufanya mazoezi ya peke yangu, kwa kuwa hapa nyumbani sina mwenzi. Ila sasa nimening'iniza kizibo cha chupa kwa uzi mbele ya ukuta. Ncha ya fimbo sharti ikiguse kabla unyayo haujatua. Dharuba 20 za kulia, 20 za kushoto, polepole sana, mpaka jasho linitoke. Jana, katika zile za kushoto, nilifaulu 11.