KUTOKA ULYANKULU HADI KWA MAMA MWENYE MACHO 14: Safari ya Pembe Ambayo Darasani Haikumaliziwa

Ukiwa India, kwenye nchi kavu inayoitwa Kachi, unatoka mji wa Bhuj na kushika barabara ya kaskazini-magharibi. Ni kama kilomita 100 hivi. Njiani ni miba, mbuzi, ngamia na vumbi, yaani ukifumba macho na kuyafumbua unaweza kudhani uko Dodoma mwezi wa tisa. Halafu vilima vinaanza kubanana, unatokea kijito, na kando ya kijito hicho kuna kijiji kinaitwa Mata no Madh. Maana yake ni kama kusema "maskani ya Mama".

Huyo Mama ni Ashapura, mungu wa kike wa Wahindu anayeheshimiwa Kachi nzima, tangu kwa wafalme wa zamani wa ukoo wa Jadeja hadi kwa muuza mboga. Jina lake linamaanisha anayetimiza matumaini. Una shida ya mtoto, una mume kasafiri, una deni linakunyima usingizi, unampelekea yeye.

Mgeni akifika anavua viatu, anagonga kengele iliyoning'inia juu, anasogea na nazi yake na kitambaa chekundu. Ndani hakuna sanamu ya mwanamke mrembo kama zile za kwenye kalenda za maduka ya Kariakoo. Ni jiwe kubwa, jekundu, lenye kimo cha mtu mzima, na juu yake kuna macho. Siyo mawili. Jozi saba, macho 14, yote yanakutazama wewe. Watu wanaosema hawaogopi kitu wakifika pale huwa wanashusha sauti.

Hekalu hilo lina historia ya mamia ya miaka, na limepigwa kweli kweli. Tetemeko la mwaka 1819 liliharibu, likajengwa upya. Tetemeko la Januari 26, 2001 likaharibu tena, likajengwa tena. Na kila mwaka kwenye siku tisa za Navratri, kati ya Septemba na Oktoba, barabara hiyo inafurika watu wanaokwenda kwa miguu. Siyo kwa basi, kwa miguu! Pembeni ya barabara watu wanafunga mahema, wanagawa chakula bure, maji bure, wengine wanakanda miguu ya wasafiri wasiowajua hata jina.

Sasa utauliza, Ulyankulu inaingiaje hapo?

Inaingia mkononi. Kwenye bangili.

Ulyankulu leo ukiitaja mtu anafikiria tumbaku, asali, na makazi ya wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye wakapewa uraia. Rudi nyuma miaka 150, hiyo ilikuwa sehemu ya himaya ya Mirambo, yule mtemi aliyewanyima usingizi wafanyabiashara wa Tabora. Na kitu kilichokuwa kinatoka nchi ile kwenda duniani kilikuwa pembe ya tembo.

Hapa kuna jambo moja linalokosewa sana kwenye mitandao. Watu wanachora kila mpagazi wa pembe akiwa na mnyororo shingoni. Biashara ya watumwa ilikuwepo, tena ya kikatili, na ilipita njia hiyo hiyo. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba pembe walikuwa watu huru waliokwenda kutafuta mshiko. Wengi waliondoka kiangazi, wakiwa wameshavuna, ili warudi mvua ikianza wakalime. Kwa kijana wa Unyamwezi, kuiona pwani ilikuwa kama vile leo mtu kwenda Dubai na kurudi. Ambaye hajafika, mbele ya waliofika anakaa kimya.

Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Beba hizo begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, miezi kama mitatu. Mbele anatembea kirangozi na vazi lake la kuonekana kwa mbali, ngoma inapigwa. Wabeba pembe ndio walikuwa mastaa wa msafara, wanatembea mbele, na kwenye ncha ya pembe wanafunga kengele. Msafara ukiwa bado haujaonekana, kengele zinasikika. Wake nao wengine walikwenda, na vyungu kichwani, na watoto mgongoni.

Si wote walifika. Ndui ilipita kwenye misafara kama moto kwenye nyasi, njaa nayo ipo, na mtu akishindwa kutembea mara nyingi aliachwa hapo hapo njiani. Pembe yake haikuachwa. Ilihamia bega lingine.

Na kila nchi unayopita unalipa hongo. Ndiyo, neno hilo hilo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa mtemi, halali kabisa, mbele za watu. Lilivyofika maana ya leo, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Pembe ikifika pwani inavuka kwenda Unguja, na hapo ndipo Kachi inaanza kuonekana. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, forodha ya Unguja ilikuwa imekodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, familia ya Wabhatia kutoka Mundra, huko huko Kachi. Wao wanamlipa Sultani fungu lake, wao wanakusanya ushuru. Meneja wao Ladha Damji alikuwa na nguvu kiasi kwamba hata Wazungu kina Burton na Speke walipotaka kwenda bara mwaka 1857 ilibidi wapite kwake. Bidhaa na mikopo ya misafara ilitoka kwa Wahindi kama hao. Bara kwenyewe walifika wachache. Musa Mzuri, Khoja kutoka Surat aliyekuwa miongoni mwa waliofungua kituo cha Kaze, ambayo ndiyo Tabora, alikuwa Mwislamu. Mabaniani, yaani wafanyabiashara wa Kihindu, wengi waliishia pwani na visiwani, na vitabu vyao vya hesabu. Wale mliokua mkisikia "baniani mbaya kiatu chake dawa", ndio hao.

Unguja pembe zilichambuliwa kwa ukubwa na ubora. Kulikuwa na daraja liliitwa bab Ulaya, hizo kubwa za kwenda kwa Wazungu na Wamarekani kutengenezewa vitufe vya piano na mipira ya meza. Na kulikuwa na bab Kachi. Daraja zima la pembe limepewa jina la nchi ya yule Mama mwenye macho 14. Hizo zilikuwa za ukubwa unaofaa kukatwa mviringo, saizi ya mkono wa mwanamke.

Upepo wa kusi ukishika, majahazi yanapandisha tanga kurudi Mandvi, bandari ya Kachi iliyoko mto Rukmavati unapoingia baharini. India ina tembo wake, lakini pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa zaidi kwa sababu ni laini kuchonga na haipasuki ovyo. Fundi anaikata pete pete, anasugua, nyingine anazitia rangi nyekundu. Zinageuka bangili za bibi harusi. Neno bangili lenyewe limekuja kwetu kutoka lugha za huko.

Kwa familia nyingi za Kachi, Gujarat na Rajasthan, harusi bila bangili za pembe haikukamilika. Mume akifa, bangili za mjane zinavunjwa. Haziuzwi, haziachiwi mtoto. Kwa hiyo kila harusi inataka bangili mpya, na kila bangili mpya inataka pembe mpya. Ndiyo maana soko lile halikujaa hata siku moja, na ndiyo maana wawindaji walizidi kusogea magharibi, tembo wa karibu walipokwisha.

Hebu mfikirie sasa mwanamke mmoja ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake. Mumewe yuko Unguja. Kwa miongo mingi Wabhatia na Mabaniani wengine waliwaacha wake zao nyumbani, kuvuka bahari lilikuwa jambo zito kidini. Anaondoka na kaskazi, anarudi na kusi, au harudi. Yeye amebaki na mikono iliyojaa pembe, na pembe hizo ndizo zinazosema mume yu hai. Navratri inaangukia majuma machache tu kabla ya kaskazi kuanza, wakati watu wa majahazi wanajiandaa. Mwanamke wa namna hiyo akitembea hadi kwenye kile kijito, akapandisha mikono kugonga kengele, kinacholia kwenye viganja vyake kinaweza kuwa kimetoka Unyamwezi. Kengele kwa kengele.

Na jambo la kushangaza ni kwamba uzi huo ulipokatika upande mmoja, upande wa pili ulisikia. Mwaka 1871 Mirambo aligombana na Waarabu wa Tabora. Chanzo ni mambo ya biashara na nani mwenye njia. Mwezi wa Agosti vijana wake walivamia Tabora, wakachoma, wakamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa pale. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alikuwepo, na aliingia upande wa Waarabu wakachapwa pamoja. Vita vikaburuta miaka kadhaa. Njia ikafungwa, Sultani Barghash akatuma askari, pembe zikawa shida Unguja, na waliotoa mikopo wakakaa na madaftari yasiyolipika. Mirambo alikuwa anataka sehemu yake ya faida katika mali inayotoka nchi yake. Ukimsoma kama jambazi tu umesoma upande wa waliomdai.

Alifariki Desemba 2, 1884. Miaka michache baadaye Wajerumani wakaja na habari nyingine, kisha reli, na kazi ya upagazi ikafa.

Biashara ya pembe kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na India nayo ikafunga mlango wa pembe za Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi mabibi harusi wa Kachi wanavaa plastiki. Nyeupe na nyekundu, kwa picha huwezi kujua.

Kuhusu yule mpagazi, aliporudi Ulyankulu hakurudi mikono mitupu. Malipo yake yalikuwa nguo, shanga, waya wa shaba. Nguo mojawapo ni kaniki, ile ya buluu iliyokolea hadi nyeusi, ambayo hadi leo Unyamwezi waganga wanaiuliza kwanza kabla hawajaanza kazi. Kaniki nyingi zilikuwa zinafumwa na kutiwa rangi upande wa Kachi, zinapakiwa Mandvi, zinashushwa Unguja. Akifika kwake anamfunga mkewe kiunoni, mke ambaye naye amekaa miezi saba akisikiliza kama kuna kengele inalia porini.