Kaburi la Mwegea

Nyumbani kwetu, katika nchi ya Wajaluo karibu na Ziwa Viktoria, liko kaburi moja ambalo ndani yake hamna maiti. Lilichimbwa na kufukiwa kwa heshima zote, watu wakalia, ng'ombe akachinjwa; walakini kilichozikwa humo ni tunda refu la mti wa mwegea, ambao Wajaluo huuita yago. Ndiyo desturi mtu anapofia mbali, vitani au majini, na mwili wake usipatikane. Aliyezikwa hivyo alikuwa baba yake babu yangu, askari wa Keya.

Huenda neno hilo, msomaji, hukupata kulisikia. Keya ndilo jina ambalo watu wetu waliwapa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa dogo. Vilipokwisha mwaka 1918 lilikuwa na batalioni 22.

Nilipoanza kumtafuta nilikuwa na kitu kimoja tu, nishani ya fedha ambayo nyanya yangu aliihifadhi katika kopo la majani ya chai. Miaka mingi tuliitazama sura ya mfalme iliyomo, wala hatukupata kuutazama ukingo wake. Siku nilipoisafisha ndipo nilipoona herufi ndogo zimechongwa kuizunguka: namba, jina, na kikosi. Ukipata nishani ya namna hiyo kwenu, anzia ukingoni. Wala usishangae jina likiwa limepotoka, kwa maana makarani waliandika kama walivyosikia. Jina la mzee wetu lilipungukiwa na silabi ya kwanza. Kwa namba ile nilimwona katika orodha za nishani zilizohifadhiwa Kew, London. Orodha ilisema kwamba alistahili nishani. Haikusema alifia wapi.

Mahali tulipajua kwa mdomo tu. Mwenzake aliyerudi aliwaambia ahali zake kwamba walimwacha Mahiwa, na babu yangu, aliyekuwa bado mtoto mchanga, alikua na neno hilo pasipo kujua liko upande gani wa dunia. Mahiwa iko bara ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 askari wa Keya pamoja na wa Nigeria walipambana huko na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Nakuomba usipite hapo upesi: wapiganaji wengi wa Wajerumani nao walikuwa Waafrika, nao pia walikuwa na wana waliowangojea nyumbani.

Mwaka ule ule wa 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo haikufika kwetu. Makaburi ya Wazungu yaliwekewa mawe. Ya Waafrika wengi, askari na wabebaji, yaliachwa yamee majani mpaka yakapotea, na mahali pa majina zikasimamishwa sanamu. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, labda umeiona: watu watatu wa shaba, mbebaji mmoja miongoni mwao, katika barabara ya Kenyatta. Nimeizunguka nikisoma, nisione jina la askari hata mmoja. Mwaka 2021 tume yenyewe iliomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nilimsomea baba mdogo hayo yote. Akaniuliza kama yafaa twende Mahiwa tukaitafute mifupa. Nikamjibu kwamba hakuna ajuaye ni chini ya mti upi. Akanyamaza kitambo, kisha akaagiza jiwe liwekwe juu ya kaburi la mwegea, liandikwe jina, namba, na maneno haya: Mahiwa, Oktoba 1917. Fundi aliishika nishani, akauliza kama aliandike jina vile lilivyo ukingoni. Baba mdogo akamtamkia silabi zote, moja moja, akianzia ile ya kwanza.