The Journey of Things

The Journey of Things (yaani Safari ya Vitu) ni maonyesho ya mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi (1950) anayeishi Uingereza. Yalifanyika mwaka 2019 katika jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, kisha yakahamia Sainsbury Centre, Norwich.

Vyungu vyake zaidi ya 50 viliwekwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe: vyombo vya kale vya Misri na Ugiriki, vifaa vya matambiko vya Afrika, mavazi ya Uingereza ya enzi ya Elizabeth I, na sanamu za wasanii Rodin na Degas. Mpangilio huo, ambao ndio uliokuwa kiini cha maonyesho, haukumtenga mfinyanzi na mchongaji.

Odundo hatumii gurudumu la kufinyangia. Hujenga chungu kwa mikono, hukisugua kwa jiwe hadi king'ae, kisha hukichoma: moto wenye hewa tele hutoa rangi nyekundu ya machungwa, moto ulionyimwa hewa hutoa weusi. Kazi moja katika maonyesho hayo, Transition II, haikuwa ya udongo. Ilikuwa vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa darini, umbo lake likitokana na pambo la sikio la Misri ya kale.